Mwanzi wa Tatu

Pointe-Sèche, Louisiana
Jumanne, tarehe 4 Februari

Dada Verna mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Houston, wewe na shemeji Dale na watoto wote. Natumaini kifua cha Dale kimepoa na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Baridi imekaza. Upepo wa kaskazini umepuliza siku tatu mfululizo na kuyasukuma maji yote baharini, hata ule mfereji wa nyuma ya nyumba umebaki tope na ndege. Shangazi Eunice anakusalimu, na anauliza kama bado unajua kupika mchuzi wetu wa gumbo au mji umeshakuharibu. Nimemwambia uliharibika zamani.

Utashangaa kupata barua yangu wakati simu ipo. Simu nimeijaribu, dada. Jumapili nilipokupigia na kuishia kukuuliza habari za mvua, nilikuwa nimekusudia kusema haya nitakayoyaandika. Lakini wewe una mdomo mwepesi na mimi ni mwoga, na kwenye simu watu kama sisi wakikutana, mwoga hukimbia. Kwa hiyo barua hii nampa Curlis, dereva anayepeleka kamba wabichi Houston kesho. Nimemwapisha asikukabidhi mpaka umekaa chini.

Najua Jumamosi unakuja na lori kumchukua Baba. Najua chumba kimepatikana kwenye ile nyumba ya wazee karibu na kwenu, na Dale ameniambia ulilia kabla ya kukubali. Sikulaumu hata kidogo. Kwa yale uliyoambiwa, umeamua kama mtoto mwema anavyotakiwa kuamua.

Nikueleze kwanza hali yake, maana kwenye simu anakudanganya. Tangu ajali ile, Baba si yule unayemjua. Mtu wa miaka sabini na minne, aliyekuwa bado akiwapeleka wageni kuvua siku tatu kwa wiki, akisimama nyuma ya boti na upondo wake, akimwona samaki mwekundu kwenye maji ya kufika magotini kabla mgeni hajamaliza kufunga jaketi! Leo mtu huyo huyo ananiomba nimsomee maandishi ya chupa ya dawa. Kusoma anaweza. Anasema hajiamini. Gari ameacha kuendesha. Jana Shangazi Eunice alileta wali na maharage mekundu kama kila Jumatatu, Baba akaniuliza pembeni kama kweli ni Jumatatu. Alijua. Alitaka tu mtu mwingine aseme.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho, nadhani hilo hakukuambia. Daktari akamwambia macho yake ni mazuri kuliko ya daktari mwenyewe. Nilidhani atafurahi. Ndani ya gari, tulipofika darajani, akasema taratibu, "Kama si macho, Ellis, basi ni kichwa." Wiki hiyo hiyo akairudisha leseni yake ya ukapteni, bila kuombwa na mtu yeyote. Gatini nako wanamcheka. Trent Gaspard, yule kijana wa mjini mwenye boti kubwa yenye muziki, amembandika jina la Kapteni Chaza, na wazee wenzake wa miaka yote wanalicheka jina hilo huku wakipakia barafu. Baba alilisikia. Tangu siku hiyo hashuki tena gatini.

Sasa nikukumbushe ajali yenyewe kama ulivyoelezwa. Alhamisi ile, mwisho wa Desemba, Baba alimchukua Bwana Mercer, yule daktari wa meno aliyevua naye miaka thelathini. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Baba akavuka ghuba kwa mwendo wake wa kawaida kuelekea bwawa letu, na katikati ya njia akapanda juu ya fungu la chaza. Bwana Mercer akarushwa mbele, akavunjika mkono. Baba akapasuka paji la uso, akashonwa nyuzi nane. Injini ikang'oka nusu. Alipoulizwa alisema alifuata mianzi kama siku zote, na watu wakatazamana. Kesho yake akaniomba nimpeleke akaone. Mwanzi wa tatu ulikuwa umesimama pale pale uliposimama tangu enzi za Babu. Baba aliutazama muda mrefu, akasema, "Uko mahali pake," akaniomba tugeuze turudi nyumbani.

Mianzi yenyewe bila shaka unaikumbuka, ingawa ulikuwa ukiogopa matope kuliko mamba. Ni minne, imechomekwa kwenye matope kuonyesha njia ya boti, kutoka mdomo wa bayou, ule mkondo wetu wa maji, mpaka bwawani. Unaiacha kushoto kwako kiasi cha mkono ulionyooshwa, na maji yanakutosha. Ukienda upande mwingine, chaza wanakupasua boti. Na unajua tulivyolelewa. Hapa kwetu mtu anaweza kukuibia mtego wa kaa, hata mke, na mwaka wa pili mkanywa bia pamoja. Lakini mwanzi wa njia hauguswi. Hata adui yako huugusi wake, kwa sababu hujui nani ataupita gizani au kwenye ukungu akiuamini.

Jumatano, siku moja kabla ya ajali, nilikuwa na wageni wawili kutoka Minnesota, mume na mke, watu wazuri sana, ambao hawajawahi kumwona samaki wetu. Maji yalikuwa yametulia, na wekundu walikuwa wamejaa bwawani, migongo nje, lile doa jeusi la mkiani linaonekana wazi. Mimi nasukuma kwa upondo polepole, mama wa watu amesimama mbele na fimbo yake ya kuvulia ananong'ona kama yuko kanisani. Akatupa chambo mara ya kwanza, kikampiga samaki kichwani, samaki akakimbia. Mumewe akamwambia, "Mke wangu, tunataka kumvua, hatutaki kumuua kwa jiwe." Tulicheka sote. Akatupa tena, safari hii mahali pake, samaki akageuka, akaanza kukifuata chambo.

Ndipo nikasikia muziki. Trent alikuwa anakuja na boti yake kwa kasi, akiifuata mianzi yetu mmoja mmoja, akiiacha kushoto kiasi cha mkono, kana kwamba Babu ndiye aliyemfundisha. Alikuwa amenifuatilia wiki nzima. Akaingia na wageni wake wanne mpaka katikati ya bwawa, na samaki wote wakatawanyika, maji yakawa tope. Yule mama alibaki ameshika fimbo hajui kilichotokea. Trent akaninyooshea kofia, akapaza sauti wageni wangu wasikie, "Asante kwa miti, Ellis! Mwambie mzee wako nitamletea keki!"

Verna, nilipandwa na hasira. Niliwarudisha wageni gatini, nikawaomba radhi, nikageuza boti nikarudi peke yangu. Nikaukumbatia mwanzi wa tatu, nikautikisa mpaka matope yakauachia, nikauchomeka upya hatua arobaini magharibi, juu ya fungu la chaza ambalo maji yakijaa halionekani. Nilitaka Trent alipande kesho yake mbele ya wageni wake. Nilikuwa nacheka peke yangu wakati naupigilia.

Hayo ndiyo niliyoshindwa kukuambia Jumapili. Ni mimi.

Na si kwamba sikujua Baba atapita. Alhamisi ni siku yake ya kwenda kaburini kwa Mama, kwa hiyo nilipong'oa mwanzi sikumfikiria. Lakini jioni ile tukiwa jikoni aliniambia Bwana Mercer amepiga simu, kesho wanakwenda bwawani. Nilikuwa nanawa mikono. Wazo lilinijia pale pale kwenye beseni, nakumbuka hata sabuni niliyoishika. Nikajiambia Baba anaijua ile njia hata akifumba macho. Mimi siku hizi sifuati mianzi, nafuata ramani ya kwenye skrini ya boti, na nilikuwa nimesahau mtu anayeishi kwa mianzi anaishi vipi. Tena nilikuwa na njaa. Nikakaa mezani, nikala, nikamwambia awavue wengi.

Utazame jambo hili vizuri, dada, kwa sababu mimi linaninyima raha kila siku. Kwenye ukungu ule mtu mwenye macho mabovu asingeuona kabisa ule mwanzi. Angeukosa, labda angenyooka njia yake ya zamani, na boti ingepita salama. Baba aliuona. Akaupita akiuacha kushoto kiasi cha mkono, sawasawa kama alivyofundishwa na baba yake. Alipanda chaza kwa sababu macho yake ni mazima na kichwa chake ni kizima. Na mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa macho, nikakaa kwenye kiti pale nje nikisoma gazeti.

Kibaya zaidi ni nilichofanya mchana ule. Baada ya kumfikisha Bwana Mercer hospitali, watu walidhani nimerudi ghubani kuifuata boti. Boti niliivuta, ndiyo, lakini kwanza niling'oa mwanzi nikaurudisha kwenye shimo lake. Kwa hiyo Baba alipokwenda kuhakikisha, alikuta kila kitu mahali pake, isipokuwa yeye mwenyewe. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega. Ningeweza kusema. Nilimuuliza kama anasikia baridi.

Mpaka hapa niliandika asubuhi, na nilikuwa nimekusudia kuifunga barua hivi hivi, nikuachie wewe umwambie, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Nikaisoma tena. Nikaona haya. Kabla ya chakula cha mchana nikaichukua nikaenda nayo sebuleni, nikamsomea Baba yote kuanzia salamu za kifua cha Dale. Nilisoma bila kuinua uso.

Nilipomaliza alinitazama. Kisha akauliza jambo moja tu, ni hatua ngapi. Nikamwambia arobaini. Upande gani? Magharibi. Akafumba macho, nikaona mkono wake wa kushoto unanyooka kidogo juu ya mkono wa kiti, kama mtu anayekadiria. Akakaa hivyo. Halafu akasema, "Basi nilipita sawa."

Nikamwambia ndiyo, Baba, ulipita sawa. Akarudia mwenyewe, "Nilipita sawa," na machozi yakamtoka, Verna, Baba yetu ambaye kwenye mazishi ya Mama alilia akiwa ametugeuzia mgongo. Nilipiga magoti nimshike, akaniondoa mkono. Hakunisukuma. Aliniambia, "Toka kwanza, mwanangu. Hasira ninayo, utaiona kesho. Leo niachie nifurahi, na sitaki kufurahi mbele yako."

Nilikaa kibarazani mpaka saa tisa. Aliponiita alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa viatu. Amesema kwa Bwana Mercer nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu mpaka mlangoni kwake, si kwa simu. Amesema habari ya leseni ataishughulikia yeye, nisijitie. Nyumba ya wazee hataki hata kuisikia, na anakuomba umsamehe kwa usumbufu, uje tu Jumamosi kama mgeni, ulale kitandani kwako. Kuhusu mimi, sitatia upondo wangu kwenye lile bwawa mpaka yeye aseme, na sikuthubutu kumuuliza ni lini. Kisha akaniambia lililo gumu kuliko yote. Kesho alfajiri, wakati makapteni wote wako gatini wanapakia barafu, nitapanda juu ya kasha nitamke kwa mdomo wangu kuwa niling'oa mwanzi wa njia. Nilimwomba niwaambie mmoja mmoja, polepole. Akasema, "Mimi walinicheka wote kwa pamoja." Nikauliza kama hata Trent lazima awepo. Akasema wakimkosa Trent watamngoja.

Unajua wanavyomfanya mtu aliyegusa mwanzi. Huenda wasiniite tena kapteni, huenda wasinipe hata salamu, na wana haki. Naogopa, dada, siwezi kukuficha. Lakini nimekubali.

Ukifika Jumamosi niseme nini nawe sijui. Kama hutaki kula meza moja nami, nitakula kwa Shangazi Eunice, usione taabu. Nisalimie watoto, uwabusu kwa niaba yangu, na umwambie Dale asitoke nje bila skafu. Shangazi anataka umletee ile kahawa ya kopo la kijani ambayo huku haifiki. Baba anakusalimu sana. Alitaka kuongeza maneno yake hapa chini kwa mkono wake, lakini hivi sasa anatafuta kofia yake ya kazi. Kesho atashuka nami gatini. Nilimshukuru kwa kuja kunisimamia. Akasema haji kunisimamia, anakuja kusikiliza.

Mimi mdogo wako, niliyekosa,

Ellis Pitre