Jina Tunaloliweza Sote

Dunda, Bagamoyo
Jumapili, 15 Juni 2025

Dada yangu mpenzi Hafidha,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo dada. Vipi hali yako, hali ya shemeji na watoto, na mama mkwe wako na ule mguu wake? Najua joto la huko sasa limeshika. Huku kipupwe kimeingia, asubuhi tunajitanda mashuka. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Idi tumeila vizuri, isipokuwa pilau la mwaka huu nililipika mwenyewe na wageni wakalila kwa heshima tu.

Barua hii anakuletea Muzammil, kijana wa jirani zetu, aliyekuja kula Idi na sasa anarudi kazini Muscat. Utashangaa kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu nimeijaribu mara nyingi, dada. Nikikaribia pale ninapotaka kufika, nakuuliza habari za joto. Kwenye karatasi nitafika, inshallah. Ila niache nianzie mbali kidogo, kwenye lile jina.

Wewe uliujua upande wako tu wa mkasa ule. Ulidhani ni shemeji yako Masoud na mambo yake ya kutaka kila kitu kiwe tofauti na cha wenzake. Haikuwa hivyo. Ilianzia kwa mama yake, Bi Ashatu, kule Kiwangwa. Unajua kwamba wifi yangu Dija yuko Hamburg miaka mingi sasa, ni muuguzi na ameolewa huko. Mtoto wao wa kwanza walimwita Björn. Hata kuliandika hapa nimelinakili kutoka kwenye simu. Alipoletwa kumwona bibi yake alikuwa na miaka sita. Bi Ashatu akamwita Biyoni. Mtoto akaendelea kuchezea mchanga, kwani hakujua kama anaitwa yeye. Bibi akaita tena na tena, mwishowe akaacha, akaleta nanasi, akalimenya mbele yake. Masoud ananiambia jioni ile alimkuta mama yake jikoni peke yake akilijaribu lile jina, na halikutoka.

Kwa hiyo mimba yangu ilipojulikana, Bi Ashatu alishuka Bagamoyo na ombi moja. Alisema hataki zawadi yoyote kutoka kwetu, anataka mjukuu ambaye yeye atamwita na mjukuu aitike. Masoud akaongeza la kwake, kwamba hata Dija na watu wake waliweze jina hilo. Mimi nikawaongeza nyinyi wa Muscat, maana sijasahau nilivyokuja kukutembelea, mama mkwe wako akaniita Miza badala ya Mize tangu nashuka uwanja wa ndege mpaka napanda tena, nami nikiitika. Na sote tulitaka jina lisilojaa mitaani, si lile ukiita mara moja wanatoka watoto wa nyumba nne.

Usione tulikataa majina yako kwa kiburi. Hana lilikuwa zuri, na hiyo maana ya furaha tuliipenda. Lakini Masoud alicheka mpaka akakaa chini. Alisema siku mwalimu atakapoita majina darasani, “Hana Masoud”, watoto watauliza, kama hana Masoud ana nani? Dija akaleta Ada, sisi tukaona ada ya shule. Mimi nililitaka Lulu, nikaling'ang'ania wiki nzima, hadi Dija aliponieleza kwa upole kwamba watoto wa Kijerumani wakisema lulu wanataka kupelekwa msalani. Bi Ashatu, kwa kuwa nilitarajiwa kujifungua masika, akatoa Mwanamvua. Ukatuambia wewe mwenyewe kwamba huko V hawanayo, atakuwa Mwanamfua. Nikasema sitaki binti yangu aitwe kama mtu aliyeajiriwa kufua.

Jina lilipokuja lilitoka kwa Bi Ashatu bila yeye kujua. Alikuwa ananieleza mambo ya arobaini, nini nile na nini nisiguse, akasema kwao ndiyo mila. Masoud alikuwa na feni ya mtu mapajani anaitengeneza. Akanyanyua kichwa, akasema, “Mila.” Mama yake akadhani anamkosoa. Akarudia, “Mila binti Masoud.” Kila mmoja akalionja mdomoni. Dija, tulipompigia simu, akasema huko kwake wasichana wa jina hilo wapo na wanapendwa. Wewe ukamuuliza baba mkwe wako, akaitaja mila ya Nabii Ibrahim, akaridhia. Bi Ashatu alilisema huku anapanga nguo zake kwenye mkoba, akalisema anavaa viatu, akaondoka nalo mpaka kituoni.

Mila akazaliwa na mvua, kama tulivyotarajia. Bi Ashatu akawa haishi kuja. Kila akifika anaita tangu mlangoni, “Mila! Mila wangu!”, hata mzigo hajautua. Na mtoto alikuwa mwema, dada. Halii ovyo, anacheka na kila anayemwinamia. Masoud akiwa anatengeneza viyoyozi vya mahoteli hapa uani, anawasha mashine inanguruma mpaka madirisha yanatetemeka, na Mila amelala hatua chache tu kutoka hapo. Alijisifu kwa wateja kwamba amepata mtoto wa fundi.

Mila alikuwa na miezi mitano Bi Ashatu aliponiomba nimwache naye sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Mara nikasikia kishindo cha sinia kwenye sakafu, nikaruka, kisu cha mbuzi kikanichana kidole. Nikakimbilia sebuleni. Sinia liko chini nyuma ya mtoto, bado linazunguka, na Bi Ashatu amesimama. Mila amekaa kwenye mito yake anatazama pazia linavyopepea. Hakuwa ameshtuka. Bi Ashatu akamchukua, akampakata, ndipo akaniambia, “Mize mwanangu, nimekaa na jambo hili muda. Mtoto huyu hasikii.”

Hilo ndilo nililoshindwa kukuambia, dada. Mila hasikii. Ni kiziwi.

Nilimkasirikia Bi Ashatu kama yeye ndiye aliyemfanya hivyo. Masoud alikasirika zaidi. Alimwambia mama yake kwamba uzee umemwingia, na mama yake akafunga mzigo wake akarudi Kiwangwa. Tukakaa karibu miezi miwili tukijifanya hatujaambiwa kitu. Halafu alasiri moja nilimwona Masoud amesimama nyuma ya Mila, anamwita. Alimwita kama sisi tunavyosema, akamwita kama Dija anavyoivuta ile i, akamwita kama baba mkwe wako. Akaita kwa sauti ya chini, akaita kwa kupaza. Kisha akatoka uani akazima mashine, akarudi kuniuliza tumpeleke wapi.

Tulimpeleka hospitali moja Dar. Walimpima akiwa amelala, na vijiwaya kichwani. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, hakutuzungusha. Alisema masikio yote mawili, na kwamba kazaliwa hivyo, hakuna nilichokula wala nilichoacha kula. Alisema vifaa vya masikioni huenda vikamsaidia kidogo, tutavijaribu, lakini tusikae kungoja masikio, mtoto apewe lugha ya alama sasa hivi. Masoud aliuliza jambo moja tu.

“Kwa hiyo hajui anaitwa nani?”

Daktari akamjibu, “Bado.”

Kuna na hili, uniwie radhi. Wewe hupiga simu ya video kila Ijumaa baada ya sala, ukamwita, na yeye akageukia simu, ukafurahi kwamba mjukuu wa marehemu mama anaijua sauti yako. Mimi ndiye niliyekuwa namgusa shavu kwa upande usiouona ili ageuke. Nilianza kabla hatujaenda hospitali na nimeendelea mpaka Ijumaa iliyopita. Sikukusudia kukufanya mjinga. Kila nilipouona uso wako umefurahi, nilisema nitamwambia wiki ijayo.

Sasa nikueleze tulipofika, usije ukabaki na huzuni peke yake. Hapa Bagamoyo kuna shule ya msingi yenye darasa la watoto viziwi. Anafundisha hapo Mwalimu Scola, naye mwenyewe ni kiziwi, mama wa watoto watatu wanaosikia. Siku ya kwanza Masoud alikwenda Kiwangwa alfajiri kumwomba radhi mama yake, akarudi naye, tukaingia darasani watatu na mtoto. Mwalimu mwenzake akatufasiria. Mwalimu Scola akauliza mtoto anaitwa nani, Masoud akaandika ubaoni, MILA. Akalisoma, akaitikia kwa kichwa kwamba ni zuri, kisha akafasiriwa akisema hilo ni la kuandika. Akataka kumshika. Akamtazama mtoto muda mrefu, uso kwa uso, na Mila naye akamtazama, hajawahi kutulia hivyo mikononi mwa mgeni. Halafu akaweka ncha ya kidole cha shahada kidevuni pake mwenyewe, akakizungusha kidogo. Ni kile kishimo cha kidevuni Mila alichokirithi kwa mama yetu. Basi hilo ndilo jina lake. Masoud alikuwa amebana mikono katikati ya magoti. Akaitoa, akafanya vilevile.

Watu wote wa nyumba wakapewa ya kwao siku hiyo. Bi Ashatu, kwa sababu ya kitambaa chake cha kichwani ambacho havui, alipewa kiganja utosini, mara mbili. Alidhani anatiwa dua, akaitikia amina. Alipofahamishwa alicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo anakuja nasi darasani kila anapoweza. Vidole vyake vimekakamaa kwa jembe, alama nyingine zinamtoka nusu, lakini hakosi.

Ninakuomba mambo mawili. Habari hii usiiweke kwenye kundi la familia, niache niwaambie mmoja mmoja. Na najua utataka mara moja kututafutia daktari India; utafute ukipenda, sitakukataza, ila usingoje hilo ndipo ujifunze kumwita. Nimekueleza hapo juu kidole kinavyowekwa. Jifunze mbele ya kioo, na wanao wafundishe.

Nimalizie na la juzi Alhamisi. Mila sasa ana mwaka na mwezi, anasimama kwa kushika kochi. Bi Ashatu alifika na kikapu cha mananasi, akasimama mlangoni. Siku hizi haiti, anasubiri aonekane. Mila alikuwa anahangaika na kifuniko cha sufuria, akageuka, akamwona. Akaachia kochi kwa mkono mmoja, akajipiga utosini kwa kiganja. Pa, pa. Nikadhani anajipiga tu. Akamtazama bibi yake, akarudia.

Bi Ashatu hakuingia wala hakutua kikapu. Alisimama pale pale kizingitini, ananitazama mimi.

“Mize,” akasema. “Ameniita.”

Masoud anakusalimu sana, na Bi Ashatu amenisimamia hapa nisisahau salamu zake kwa mama mkwe wako, anamwombea mguu upone. Muzammil nimempa na visheti, wagawie watoto kabla hajavila vyote njiani. Mungu akuweke, akukutanishe na sisi kwa heri.

Ni mimi mdogo wako,
Mize