Gari la Ezekia na Jina Nililolitamka

Kihesa, Iringa
Novemba 1956

Mama mpendwa,

Ugonile, umelalaje? Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Ilomba, na kwamba kifua hakikusumbui tena kwa baridi ya asubuhi. Sisi hatujambo, Mungu anatutunza. Nina swali zito kuhusu baba mkwe wangu, na jibu lako ndilo litakaloniambia kama niendelee kukaa kwa mume wangu au nifungashe nirudi nyumbani. Lakini bila habari za gari hutanielewa, basi nivumilie.

Mume wangu Ezekia ameniletea mke mwenza. Ni mwekundu, mfupi, hana paa, na hubeba watu wawili tu. Ni gari la mashindano lililoundwa kabla ya vita. Aliachiwa na Mgiriki mmoja mkulima wa tumbaku aliyerudi kwao. Ezekia akitoka kazini gereji kule Ipogolo, yuko nalo mpaka giza. Ningeona wivu, ila na mimi limeninasa. Nataka kujua kila waya unakwenda wapi.

Mwezi uliopita alilipeleka kukaguliwa ili aruhusiwe kuliendesha barabarani, nami nikaomba kufuatana naye. Mkaguzi alilizunguka kimya kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Akasema usukani umelegea, unaugeuza na magurudumu hayana habari. Akasema matairi yamekuwa vipara, na taa moja inamulika miti badala ya njia. Kisha akabonyeza sakafu kwa kidole, na kidole kikatokea upande wa pili. Kutu ilikuwa imeila chini ya rangi. Mwisho akavuta breki ya mkono pale kwenye mteremko, na gari likaondoka taratibu kana kwamba halikuambiwa kitu. Akalikataa. Siku zote nilidhani gari la mashindano hupimwa kwa kukimbia, kumbe hupimwa kwa kusimama. Jambo hilo bado nalifikiria.

Ezekia akamwita baba yake kutoka Mbeya, maana alikuwa fundi wa magari ya jeshi wakati wa vita. Mzee akaja. Unajua ulivyonifundisha: mke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hatamki jina lake, na akisikia anakuja hujificha. Kanisani wanasema mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini mzee anayashika, nami nayashika. Kwa hiyo alilala kwa jirani yetu Kasian, na chakula nilichopika kilipelekwa na mke wa Kasian, Benedicta. Wakifanya kazi mimi nilichungulia kwenye ua wa matete, nikitazama mikono yake tu.

Jumamosi walikuwa wakifunga waya mpya wa breki ya mkono. Magurudumu ya mbele yalikuwa juu ya magogo, ya nyuma yamezuiwa kwa mawe, na mzee yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje. Ezekia akaenda kwa Kasian kuazima koleo. Ndipo nikaona jiwe moja linateleza, na gari linaanza kurudi nyuma.

Sasa nakuungamia, Mama. Niliruka ua, nikapiga kelele, nikamwita kwa jina lake, lile ambalo hata hapa mkono wangu unakataa kuliandika. Nikamshika miguu nikamvuta. Magurudumu ya mbele yakaporomoka kutoka kwenye magogo, na gari likalala pale pale kilipokuwa kifua chake. Tukatazamana. Ana macho ya Ezekia. Kisha akajifunika uso kwa kofia yake, nami nikakimbilia jikoni kulia.

Nilimngoja Ezekia aje kuniambia ndoa yetu imekwisha. Badala yake nikasikia mtu anakohoa nje ya jiko, upande wa pili wa ukuta. Mzee akauagiza ukuta umweleze aliyemvuta kwamba goti limechubuka tu. Akauambia pia kwamba, kama angeitwa kwa heshima, angedhani anaitwa kula, asingeharakisha kutoka. Halafu nikauomba ukuta umjulishe kwamba chai iko tayari.

Tangu hapo kila asubuhi ukuta wangu unasalimiwa. Ezekia anacheka, lakini mimi usingizi sipati vizuri.

Mpe Baba shikamoo yangu, na umbusu mtoto wa dada Yudith. Nijibu upesi, nijue kama nimelivunja agizo la wazee. Na kuzungumza na ukuta, nako ni mwiko?

Mimi mwanao akupendaye,
Damari