Msumari wa Mama Padri

Jumatatu, 30 Julai 1956
Nipo hospitalini, na nina msumari pajani! Wa chuma, kutoka Ulaya. Bukene nzima hakuna mwenye wake. Na mwanangu Justus anapewa upadri tarehe kumi na tano — sasa nani mwenzangu?
Nyonga niliivunja nikiwaonyesha wanawake nitakavyocheza siku hiyo. Nilicheza vizuri mno.
Daktari anasema mfupa unaunga polepole kwa sababu nina sukari. Niache asali. Mnyamwezi, aache asali! Mkojo ukizidi kuonyesha sukari, ruhusa ya kwenda kanisani sipati.

Alhamisi, 2 Agosti
Dada yangu kaleta asali. Nimelamba kidogo. Kidogo mara nyingi.
Kwenye kitanda cha jirani yupo Bi Tatu wa mtaa wa Isevya, Mzaramo, mtani wangu. Kapasuliwa mguu uliovunjika, kidonda hakikauki. Mwembamba kama ufito — sukari ataitoa wapi? Nikamwomba mkojo wake.
"Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu, sasa na mikojo?"
Nikamwambia mtani hanyimwi. Akacheka mpaka machozi. Kanipa.

Ijumaa, 3 Agosti
Dresa Kasimiri, msaidizi wa Daktari, huchemsha mkojo na dawa ya buluu. Ukibaki buluu, umepona. Nikajikalia kama malkia.
Nyekundu! Nyekundu kama tofali! Kasimiri kaniuliza kama nimekula mzinga na nyuki wake.
Kumbe Tatu ana sukari kunishinda! Wembamba wake umetudanganya wote. Ndiyo maana kidonda kimegoma.
Nikisema, Daktari atanifungia hapa. Nikinyamaza, mguu wa mtani utaoza.

Jumamosi, 4 Agosti
Nimesema. Daktari hakucheka hata kidogo. Tatu kaanza sindano za sukari.
"Mwizi wewe," kaniambia, "mpaka ugonjwa wangu ulitaka kwenda nao Bukene!" Kisha kanisogezea mchicha wake wote, eti nisahau asali. Shetani huyu.

Jumatatu, 13 Agosti
Kidonda cha Tatu kinakauka. Mimi nasimama kwa magongo. Asali sijagusa, haki ya Mungu! — basi, kidole kimoja, Alhamisi.
Kesho Daktari ananipima mwenyewe, nesi atanisindikiza mpaka chooni. Buluu, nakwenda. Nyekundu, nabaki kitandani, na baraka ya kwanza ya mwanangu anapewa mama wa mtu mwingine.
Justus kapita jioni. Kaniuliza, Mama, utakuja? Nikamwambia we, unamuuliza nani?
Watu wa Bukene wanapanda treni kesho, na ng'oma zao. Sijawaambia kitu kuhusu kipimo wala magongo. Wote wanakuja kunitazama nikicheza, Jumatano.