Stefa, Saa Tumeisimamisha

Kumbukumbu ya Stefania Hrynkiw, mwandishi wa riwaya, wa Zoria, Saskatchewan, Kanada

Ni mwaka sasa, Stefa, tangu utuage, theluji ikiwa ndiyo kwanza inayeyuka. Ngano imepandwa, imevunwa, na supu yangu ya borshi bado haitoki nyekundu kama yako.

Ulimenya viazi huku ukinong'ona maneno ya watu wa vitabuni mwako. Aliyefiwa ulimpelekea mkate, ukakaa naye, usimchoshe kwa maswali.

Jumamosi wakubwa wa wilaya wanazindua kibao kwenye shule ya zamani: "Hapa Ndipo Alipojifunza Kuandika." Shule hiyo hiyo waliyoifunga wenyewe, baada ya kutung'olea reli. Shule hiyo hiyo ulikochapwa viganja kwa kusema Kiukreni, lugha yetu ya nyumbani, uwanjani.

Wewe ulijifunza jikoni kwa mama yako Paraska, kwenye simu ya ukutani. Kijiji kizima tulitumia laini moja ya simu. Ya jirani ikilia, kila nyumba inanyanyua na kusikiliza. Ulipanda juu ya gunia la unga, ukasikiliza watu wanavyogombana, wanavyodanganyana, wanavyobembelezana. Siku moja jirani yenu mama Kowalchuk akakatiza hadithi yake: "Paraska, shusha simu. Nasikia saa yenu, tik tak, tik tak."

Mama yako akakunyang'anya simu. "Si mimi, mwenzangu. Ni huyu mtoto."

"Haya, basi asikilize vizuri, asije akanisimulia vibaya."

Tangu hapo ulisimamisha saa kwanza, ndipo ukanyanyua simu. Mama yako akawa anachelewa kanisani, hajui kwa nini.

Nilimwendea mwenyekiti wa wilaya. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, kibao kipelekeni jikoni kwa mama yake. Nyumba bado ipo."

"Mzee Metro, nani atasimamisha gari kutazama jiko?"

"Waliosoma vitabu vyake."

Akatazama saa ya mkononi, akaniaga. Mtu huyo hajafungua hata kitabu chako kimoja, na ndiye atakayehutubia.

Hatutakwenda. Jumamosi tutakuwa jikoni kwa mama yako, chini ya ile simu, tukisimuliana yako, na tutajitahidi tusikusimulie vibaya.

Tunaokukumbuka daima: mimi mumeo Metro, wanao Danylo na Oksana, dada yako Nadia, na wajukuu.

Saa tumeisimamisha, Stefa. Sema, tunasikiliza.