Kopo la Kamba wa Moshi

Nyamirambo, Kigali
Jumamosi, 17 Aprili 1993

Kwa mdogo wangu Mwajabu binti Feruzi, Bagamoyo

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Hujambo huko uliko? Magoti yanasemaje na mvua hizi? Na yule mumeo, bado anakoroma kama lori linalopanda mlima, au Mungu amekusikia? Ukiniuliza mimi, nipo. Meno yamebaki saba na yote yana hasira. Ninayempa barua hii ni mwanangu Sangwa, anayeondoka keshokutwa na lori lake kuja Dar es Salaam. Njia ya Uganda bado imefungwa kwa vita, kwa hiyo siku hizi anazunguka kwenu, na hilo ndilo jambo jema pekee lililotokana na vita hivi.

Kwanza nikupe habari ya kukufurahisha. Kaka yako sasa ni mwalimu. Kituo cha lishe cha hapa mtaani kiliniita niwafundishe akina mama upishi wa kamba wa moshi. Wanawake arobaini walikaa kwenye mikeka, muuguzi mwenyewe, Winifred, akaandika maneno yangu kwenye daftari, na nilipomaliza wakanipigia makofi mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Wananiita Daktari.

Haya, uongo. Najua umeshaanza kutikisa kichwa, basi nautoa mapema. Nilikwenda pale na mjukuu wangu Kaliza mgongoni na kopo lako la kamba mkononi, nikapangwa foleni pamoja na akina mama, mwanamume peke yangu, na mmoja akaniuliza kwa sauti kama nimekuja kunyonyesha. Udaktari walinipa kweli, lakini wa kunicheka. Daktari Kamba, kwa sababu ya harufu.

Mwajabu, nakuandikia nikiwa na hasira. Ni hasira nyingi, ina watu wengi wa kugawiwa, na nitawagawia mmoja mmoja. Fungu kubwa nimeliweka mwisho.

Fungu la kwanza ni la bei za vitu. Maziwa hayashikiki, nyama tunaisikia kwa jina. Béatha, mke wa Sangwa, ni mjamzito tena, kwa hiyo alimwachisha Kaliza ziwa mapema, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu akawa anakula ugali wa muhogo na mchuzi wa maji. Mnamo Januari nywele zake zikaanza kuwa nyekundu na kunyooka, miguu ikavimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Akawa hachezi, halii, anatazama tu. Hapa wanaita bwaki. Nilimkasirikia Béatha, eti kwa nini aende Nyabugogo kuuza nyanya na kumwacha mtoto. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama nina shamba la kutulisha ambalo nimelificha. 

Ndipo Sangwa akarudi na zawadi yako, lile kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa kamba wa Rufiji, wakavu, wekundu, wamejikunja kama vidole vya mtoto mchanga. Nilipofungua kifuniko, wallahi nilimwona mama. Nilimwona anapuliza moto. Nyumba nzima ikanuka moshi wa mikoko, na mimi mzee wa miaka sabini na moja nikalia mbele ya kopo.

Fungu la pili ni la bamwana. Hapa wazazi wa mume na wazazi wa mke huitana hivyo, bamwana, na ni lazima waheshimiane kupita kiasi. Bamwana wangu ni Mukankusi, mama yake Béatha. Amekuja mwezi wa pili akikimbia mapigano ya Byumba, na mkeka mmoja na picha ya Bikira Maria. Nilimwonyesha kopo kwa fahari. Alichungulia, akarudi nyuma hatua tatu. Alisema hao ni udukoko, wadudu, na kwamba Mungu ameipa nchi hii ng'ombe ili watu wasilazimike kula vitu vyenye ndevu. Nikamwambia ng'ombe wake wako wapi. Hilo lilikuwa neno baya, maana ng'ombe wake walibaki Byumba. Nikajiona nimeshinda, mjinga mimi.

Béatha naye akataka kusaidia, akachukua kamba konzi mbili, na vichwa vyao na miguu yao na chumvi yao yote, akawachemsha saa nzima. Mchuzi ukawa mchungu, majirani wakafunga madirisha. Nilipiga kelele mpaka muadhini akatuma mtu kuuliza kuna nini. Kamba wa moshi hachemshwi kama maharage! Unamwosha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili chumvi itoke, unamvua kichwa na maganda, unamtoa ule uzi mweusi wa mgongoni. Ukimtaka kwenye isombe, kisamvu cha hapa, unamtia mwishoni pamoja na karanga zilizosagwa, anapumzika humo dakika kumi, basi. Vichwa huvitupi, unavichemsha peke yake, unachuja, hiyo ndiyo supu ya kupikia wali. Na ukimtaka mkavu kabisa, unamkaanga bila mafuta mpaka alie kwenye kikaango, halafu unamsaga. Haya yote mama alitufundisha kwa mwiko, na mwiko haukuwa chunguni.

Kwa hiyo nikaenda kituoni, na foleni ile nimeshakueleza. Winifred huyo ni msichana mrefu, ana miwani, hacheki ovyo. Aliwanyamazisha wale wanawake, akanusa kopo, akasema hajawahi kula lakini alisoma habari zake shuleni. Alinieleza kwamba kamba akishakaushwa, maji ndiyo yanayokwenda, na kile kinachojenga mwili hubaki kimejibana humo, pamoja na vitu vya kuongeza damu na vya kuponya vidonda. Lakini akanionya. Mtoto asipewe chumvi, kwa hiyo nioshe sana. Nianze na chembe tu, ningoje siku mbili tatu, maana wako watu ambao kamba huwavimbisha midomo na kuwakata pumzi, na nikiona vipele niache mara moja. Isiwe chakula chake peke yake, iwe kijiko kidogo cha unga wa kamba ndani ya uji wa mtama na soya wanaogawa pale, na tone la mafuta, na kila wiki nimlete apimwe. Nilimuuliza kama anataka kunioa. Akasema wa nyuma yangu asogee.

Sasa sikiliza aliyesaga huo unga. Ni Mukankusi. Mikono yangu hutetemeka, Béatha yuko sokoni, basi yule mwanamke aliyewaita wadudu akachukua jiwe lake la kusagia, akajifunga kitambaa puani, akageuza uso pembeni, akasaga. Kila asubuhi. Alipomaliza alinawa mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Yeye mwenyewe hakuonja hata chembe, lakini alimlisha Kaliza kwa subira ambayo sijaiona kwa mtu, kijiko kimoja, wimbo mmoja, kijiko kimoja, wimbo mmoja. Kamba wazima walibaki kwenye kopo, rafuni chumbani kwangu, na kila asubuhi nilimpimia wa siku hiyo.

Wiki ya tatu miguu ikaanza kuteremka. Wiki ya nne Kaliza akanivuta ndevu, akacheka. Winifred alimpima, akaandika, na mara hii akatabasamu, kidogo tu, kama mtu anayelipishwa.

Hapo tungeishia vizuri. Lakini wiki moja baada ya Idd nilipeleka mkono kwenye kopo mbele ya Béatha, nikatoa kamba watatu na maganda. Wale waliotakiwa kutufikisha mpaka mwezi wa sita. Béatha akapiga yowe. Akauliza nani.

Watu wazima wanaoshinda nyumbani ni wawili. Mmoja ni mimi, ambaye mtaa mzima uliniona nimefunga mwezi mzima wa Ramadhani, midomo imekauka, tasbihi mkononi, chumba kinafuka udi mchana kutwa kama kaburi la sharifu. Mwingine ni Mukankusi.

Nilikasirika, Mwajabu. Nilikasirika sana, maana aliye na kosa hukasirika kuliko wote. Nilisimama uani, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba wapo watu wanaoziba pua mchana na kufungua mdomo kisirisiri. Kwamba wapo watu wanaokuja na mkeka mmoja na matumbo mawili. Nikasema inda nini, tumbo kubwa, kwa Kinyarwanda, ili asikose kuelewa.

Wewe uliolewa ukaenda pwani ukiwa msichana, labda umesahau watu wa hapa. Mwanamke wa umri wa Mukankusi hali mbele ya mkwewe. Sangwa akiwa nyumbani, yeye sahani yake huipeleka nyuma ya mlango. Kumwambia mtu kama huyo ameiba akala, tena chakula cha mjukuu wake, ni heri umpige kofi. Alimbusu Kaliza kichwani, akakunja mkeka, akachukua Bikira Maria wake, akaenda Kagarama kwa binti yake mwingine, Mukagasana, ambaye ana chumba kimoja na watoto watano. Jiwe la kusagia aliliacha, limeoshwa.

Tangu siku hiyo ni wiki mbili. Kaliza hali mkononi mwangu. Nikileta kijiko anatazama mlangoni. Béatha anajaribu kabla ya kwenda sokoni na baada ya kurudi, na anakula vijiko viwili. Jana nilibonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Pakabaki shimo.

Sasa lile fungu kubwa. Umeshajua ni la nani, wewe mjanja tangu utoto.

Ni mimi niliyekula, Mwajabu. Mimi, Sudi. Siku ya kwanza ya mfungo nilitaka kunusa tu. Nikanusa. Siku ya pili nikaweka mmoja ulimini nikasema simtafuni. Siku ya tatu nikafunga mlango, nikawasha makaa kwenye kigae, nikawabanika watatu, nikawakamulia ndimu na pilipili, nikala mchana wa Ramadhani nikiwa nimekaa juu ya msala. Nisingizie uzee? Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mlafi. Udi ule ambao watu waliusifu, hata imamu akaniambia uzee umenipa nuru, ulikuwa wa kuficha harufu ya kamba. Kila asubuhi nilimpimia Mukankusi wa mtoto, na kila adhuhuri nikajipimia wangu, na wangu ndio walikuwa wengi. Nilijiambia nitaacha kesho. Kila kamba alikuwa na ladha ya jiko la mama, na nilimla mama mpaka kopo likaisha, na mtoto mwenye haki naye yuko chumba cha pili anaimbiwa ale kijiko kimoja.

Mungu nitajuana naye, sisi ni watu wa zamani. Lakini yule mwanamke sijui nitajuana naye vipi. Jumatatu nilikwenda mpaka Kagarama. Nilifika mlangoni, nikamsikia anakohoa ndani, nikageuka nikarudi kwa miguu, nikidanganya njia nzima kwamba nilikuwa natembeza mifupa. Kesho Jumapili narudi, wakitoka kwenye misa yao, mbele ya Mukagasana na majirani, maana nilimtukana mbele ya majirani. Nitasema kama nilivyokuandikia hapa. Béatha nitamwambia leo jioni, kabla ya kulala, nisipate pa kukimbilia. Akitaka kunipiga na mwiko, nina uzoefu.

Nisalimie shemeji, wasalimie wanao na wajukuu wako, mwambie yule mjukuu wako wa mwisho kwamba babu yake wa Kigali bado anaweza kutembea na anaweza kuona haya pia. Sangwa anakusalimu, yeye hajui lolote, na barua nimeibandika kwa ugali asiisome.

Nina dai moja kwako. Unakumbuka ile siku bibi alipoleta kutoka pwani kamba wa wageni wa baba, ukawala wewe wote nyuma ya ghala, na mimi nikasema ni mimi? Baba alinichapa fimbo kumi na mbili. Sijawahi kukudai, ingawa nimekukumbusha mara mia. Leo nadai. Mpe Sangwa kopo jingine atakaporudi. Lishone kwa kitambaa na uzi mwekundu, mshono wako ule wa karibukaribu, ili mtu akigusa ionekane. Na juu yake usiandike jina langu. Andika Mukankusi. Nitalichukua kwenye lori na kumpelekea popote atakapokuwa, kwangu au Kagarama, na ufunguo wa sanduku atakamoliweka abaki nao yeye.

Ni kaka yako, niliyechapwa kwa kosa lako na sasa natafuta wa kunichapa kwa langu,

Sudi bin Feruzi