Kwa Gasana, Aliyevushwa Mto kwa Sababu ya Cheti

Ndugu yangu Gasana, niliyemeza damu yako,

Mimi ni mtu wa bahati, hilo unalijua. Kuanzia migodi ya bati ya Kyerwa mpaka hapa Bugene, hakuna mnyapara mwenye bahati kama yangu. Nimefika Mombasa, nimepikia askari vitani na nikarudi na vidole vyote kumi. Wakubwa wananijua kwa jina. Siku ya rufaa yako, Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu anayeamua kesi, aliagiza niletewe kiti. Nikakaa, nikakunja nne, nikakutetea mpaka karani akasahau kuandika. Ndivyo nilivyomtuma mwenye mtumbwi akuambie huko ng'ambo, na najua alikuambia.

Rufaa ilishindwa vilevile. Tangu siku hiyo nina hasira hata na uji.

Nina hasira na huo mto Kagera. Nani aliuambia uwe ukuta? Kiboko analala kwa Mbelgiji, anaamka anakula mahindi yetu kwa Mwingereza, na hakuna askari anayemuuliza cheti. Wewe ulikuja na blanketi moja na cheti cha kukaa huku miezi sita, ukachimba bati mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Bati lile lilivuka bahari bila kuulizwa limezaliwa wapi. Mchimbaji ndiye waliyemwona mgeni!

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilichukua sululu nikuonyeshe kazi, maana mimi kila kazi naiweza. Nikapiga mara tatu, nikapumzika. Ukasema, "Mnyapara, sululu yako inaogopa mawe." Wenzako wakakauka, wakajua nitakufukuza. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Tangu hapo tukala chungu kimoja.

Halafu ukamwona Kemilembe wa Kanoni, ukawa huli. Nilikwenda nawe kwao, nimevaa koti langu la vita. Wajomba zake walitutazama kama tumeleta ndui.

"Kijana ni mzuri," akasema yule mkubwa wao, "lakini hana ndugu upande huu. Akimpiga binti yetu, tutakwenda kumlalamikia nani? Mto?"

Nikajibu kabla sijafikiri, kama kawaida yangu: "Ndugu yake ni mimi."

"Ndugu wa maneno?"

"Wa damu. Leteni wembe."

Wakatuchanja hapo hapo uani, kwenye kitovu, jua likituangalia. Buni moja ya kahawa ikapakwa damu yangu, ukaimeza kama mtu aliyezoea. Nyingine ikapakwa yako, nami ikanikwama, nikakohoa. Ukaniuliza, "Vipi, damu yangu ina miiba?" Kisha tukasema yale maneno: atakayemkana mwenzake, buni hii imvimbie tumboni. Wiki iliyofuata nikapeleka pombe ya rubisi na mbuzi kwa niaba ya baba yako. Upande wako wote ulikuwa mimi peke yangu.

Nina hasira nawe pia, kwa nini ulinisikiliza? Cheti kilipokaribia kwisha ulitaka kwenda boma kukiongezea muda. Mimi ndiye niliyekuambia, "Lete hapa. Karani ni mtu wangu, tunakula naye. Wewe kaa na mke wako." Ukanipa kwa mikono miwili. Nikakitia sandukuni chini ya koti. Kila ulipouliza nilikuambia kiko njiani, nawe ukaridhika, ukapanda migomba, ukapata mtoto.

Askari walikukuta unachuma kahawa. Hawakukuacha hata unawe mikono. Mtoto alikimbia nyuma yako akimwita baba yake, "Tata! Tata!" mpaka kwenye barabara ya lori. Mpaka leo akiona mwanamume mrefu mwenye blanketi, anakimbia hivyo hivyo, akifika karibu anasimama.

Kemilembe ndiye aliyekata rufaa, si mimi. Alitembea kutoka Kanoni, mtoto mgongoni, akasimama barazani mbele ya wanaume wote. Karani akamwambia, "Mume wako cheti chake kimepitiliza miezi thelathini. Unataka nini?"

"Nataka mume wangu, bwana. Huyu mtoto hajapitiliza kitu."

Watu wakacheka, lakini Bwana Shauri hakucheka. Akauliza, naye karani akatafsiri: ndoa hii haina karatasi ya padre, basi upande wa mume ni nani? Ajitokeze mtu aseme aliipeleka mahari. Aeleze pia kwa nini cheti hakikuletwa kwa wakati wake. Kama kuna aliyemdanganya mtu huyu, shauri litatazamwa upya.

Kemilembe akasema, "Yupo shemeji yangu Kamugisha. Nimekuja naye."

Hapo ndipo kilipokuwa kile kiti nilichokusimulia.

Sasa wajomba zake wanamwambia mume wa ng'ambo si mume tena, aolewe na mwingine. Anakataa. Tukikutana kisimani ananipita. Zamani alikuwa akiniita "shemeji" kutoka mbali mpaka naona aibu. Nilimpelekea mkungu wa ndizi, nikaukuta asubuhi mlangoni kwangu, haujakatwa hata kidole kimoja.

Bwana Shauri atakuja tena Bugene baada ya mavuno ya kahawa. Barua hii nimeiandika mara mbili kwa mkono wangu, na darasa langu la pili. Moja ndiyo hiyo unayosomewa na katekista, na kama majirani zako wanasikiliza, wasikilize. Ya pili nimempa Kemilembe pamoja na cheti chako, isomwe barazani mbele ya watu wote, mimi nikiwa nimesimama pale. Waamue watakavyo juu yangu.

Kaa salama huko, Gasana. Usimwache mtu akukalie mahali pako.

Hakukuwa na kiti. Karani yule sijawahi kula naye hata kiazi. Jina langu liliitwa mara tatu, nikasikia zote tatu, nami nilikuwa nyuma ya choo cha boma nimejibanza ukutani, cheti chako mfukoni.

Mimi,
upande wako wote