Muswada wa Kwanza wa Verena

Nyumba iliyo nyuma ya ghala la gesi,
Neuheim, Dakota Kaskazini.
Jumapili, Machi 3, 2019

Mpendwa dada yangu Philippina,

Hujambo huko Arizona kwenye jua lako? Goti ulilopasuliwa limekubali kupanda ngazi, au bado linakusumbua? Mimi sijambo, ila vidole vinakakamaa kwa baridi, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Leo asubuhi ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na kanisani tumekwenda hivyo hivyo. Nimepika ile supu ya mama ya viazi na madonge ya unga. Ungekuwepo ungesema chumvi haijatosha.

Nina jambo zito la kukuambia, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu wa gazeti. Lakini niache nianze na binti yangu Verena.

Unajua baba yake alimwachia kampuni ya gesi ikiwa na malori mawili. Sasa ni tisa. Novemba wakamchagua kuwa mbunge wa jimbo, nasi tukafurahi, hatukufikiri kwamba bunge hukaa majira haya haya ambayo watu hununua gesi ya kupasha nyumba. Siku nne yuko mji mkuu, Ijumaa anarudi, anavua suti, anapanda lori. Roho yangu iko juu juu mpaka nione taa zake uani, maana barabara ni barafu tupu. Jirani yetu Alvin Bosch humngoja getini: "Mheshimiwa, tangi langu halijui itifaki, lijaze!" Naye humjibu, "Sogeza kwanza hao ng'ombe wako, mpiga kura."

Muswada wake wa kwanza ni wa gari la wagonjwa. Anataka jimbo lilipe wahudumu kwa fedha za kodi katika kaunti ndogo kama yetu, tusitegemee watu wa kujitolea ambao mpaka waache matrekta yao. Hakuutoa kitabuni. Kwa kupeleka gesi anaijua kila nyumba iliyo peke yake, na nani anaishi humo na moyo mbovu. Wafanyabiashara wenzake wamemkasirikia. Mmoja alimfuata mpaka dukani: "Wewe mwenzetu, leo unatutafutia kodi?" Verena akamwambia, "Wateja wangu wakifa, gesi nitamuuzia nani?"

Siku ya kura nilikwenda bungeni. Nikakaa roshani ya wageni, pochi mapajani. Wabunge wenzake wakaanza kumchokoza. Mmoja akasimama, uso mkavu kabisa: "Mheshimiwa Schmaltz, hilo gari litatumia gesi ya nani?" Wakacheka. Mwingine akauliza kama maiti atapata punguzo. Halafu wakapiga kura. Ukutani kuna ubao wenye majina yao, taa ya kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Dada, ubao wote ukawa mwekundu. Kijani ilikuwa moja tu, ya Verena.

Mimi sikujua kwamba ni desturi yao. Mbunge mpya, muswada wake wa kwanza lazima wamtanie hivyo, kisha kabla ya kura kufungwa wanageuza taa zao. Hakuna aliyeniambia.

Nikasimama. Mgeni kule juu haruhusiwi hata kupiga makofi. Nikapaza sauti ile ya kuitia ng'ombe: "Chekeni! Mimi nilikaa sakafuni dakika hamsini na mbili nimempakata mume wangu, nangoja gari hilo, na alikuwa ananitazama!"

Spika alikuwa ameinua nyundo yake. Akaishusha polepole, hakuigonga. Taa zikageuka kijani moja moja. Nimeambiwa wangezigeuza tu, lakini wakati wa kuzigeuza hakuna aliyecheka.

Hilo ndilo jambo lenyewe, Philippina. Shemeji yako Leonhard hakufa palepale alipoanguka. Niliwaambia wote hivyo, na Verena pia, kwamba hata gari lingewahi lisingesaidia kitu. Gari letu lilikuwa nje na mafuta yamejaa. Kwenye simu wakaniambia nisimsogeze, wanakuja. Nikatii. Nimeishi na hilo miaka minne. Wewe uliniandikia kwenye msiba kwamba afadhali hakuteseka, nami nikakuacha uamini. Nisamehe.

Tukirudi, Verena alipunguza mwendo tulipofika penye maghala ya nafaka. Akauliza, "Mama, Baba alisema kitu?" Nikamwambia, "Aliuliza kama lori lako limerudi." Akasimamisha gari kando, tukakaa.

Sasa muswada uko Seneti, lile baraza la pili la bunge. Jumanne ya tarehe kumi na mbili kamati itausikiliza, na huko hawatanii. Wenye kupinga kodi watakuja wamejipanga, na wakishinda hapo, muswada umekufa. Mwenyekiti ameuliza kama nitakuja kusema. Verena anasema, "Si lazima, Mama." Mimi nasema ni lazima. Naogopa, maana shule niliiacha darasa la nane nikakamue ng'ombe, na maneno ya sheria siyajui. Lakini nitakwenda. Sikuombi ruhusa, dada, nakuomba uniombee.

Nisalimie shemeji Gottlieb, na Rosina na watoto wake, na mwambie Emil kofia yake nimeshamaliza kuifuma. Mungu alilinde goti lako na awafunike nyote kwa mkono wake.

Kila msemaji hupewa dakika tatu. Nimejaribu kwa saa ya jikoni. Yangu yote yanaisha kwa dakika moja. Zile mbili nitakaa kimya mbele yao, nao wangoje.

Mdogo wako akupendaye sana,
Ottilia